Aspirini ndogo na moyo unaopiga bila mpangilio: uzoefu wangu kituoni

Mkuu, pole kwa mama. Umesema ana miaka 71, ana presha ya siku nyingi, na juzi kipimo cha umeme wa moyo kimeonyesha AF, yaani moyo kupiga bila mpangilio. Kapewa aspirini ndogo, kaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Unauliza kama inatosha, na kama ni kweli, kama jirani yenu alivyosema, kwamba warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni sumu ya panya.

Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya huku wilayani, mwaka wa kumi na moja sasa. Naanza na kosa langu. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani, anakuja kliniki ya presha kila mwezi. Siku hiyo mashine ikagoma kusoma. Nikabadilisha betri, ikagoma tena. Mara ya tatu ikatoa namba, nikaandika kwenye kadi, nikampa amlodipini yake akaenda zake. Wiki chache baadaye wanawe wakamleta kwa bajaji, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea kabisa. Nilipomshika kifundo cha mkono ndipo nikahisi: mapigo mawili ya haraka, kimya, moja dhaifu, kisha matatu ya kukimbizana, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati. Betri hazikuwa na shida yoyote. Mashine ilishindwa kusoma kwa sababu mapigo yenyewe yalikuwa vurugu.

Tangu hapo, kila mwenye miaka 65 kwenda juu akikaa mbele yangu namshika mkono dakika nzima. Sekunde 15 ukazidisha kwa nne, hapana. Nikihisi vurugu ile, natoa rufaa akapimwe umeme wa moyo.

Sasa aspirini. Kwenye AF vyumba vya juu vya moyo havikamui vizuri, vinatetemeka tu. Damu inatuama, inaganda, bonge likichomoka linapanda kichwani. Hatari ya kiharusi inaongezeka kama mara tano. Aspirini inazuia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kugandisha, zisishikane, jambo linalomfaa zaidi mwenye mishipa iliyoziba kwa mafuta. Kwa damu iliyotuama moyoni kinga yake ni ndogo mno, na tumboni bado inaweza kuleta kidonda kikavuja damu. Miongozo imeshaiondoa kwenye kazi hii, ila mkono wa daktari umeizoea.

Sisi tunahesabu pointi za hatari ya kiharusi. Moyo kushindwa kazi, presha, kisukari, ugonjwa wa mishipa: moja moja. Miaka 65 hadi 74 ni moja, 75 na kuendelea mbili, aliyewahi kupata kiharusi mbili. Zamani mwanamke aliongezewa moja. Mwongozo wa Ulaya wa 2024 umeiacha. Mama yako bila hiyo ana mbili tayari, na mbili zinatosha kupendekeza dawa ya kuzuia damu kuganda.

Jirani yenu hajadanganya. Warfarini iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya, ikaruhusiwa kwa binadamu 1954, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani akapewa baada ya mshtuko wa moyo. Kwa AF inapunguza viharusi kwa karibu theluthi mbili, mradi INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, ikae kati ya 2 na 3. Hapo kwenye INR ndipo wagonjwa wangu wanapoachia njiani: nauli kwenda kupima, foleni, majibu kesho. Wengine wanaambiwa waache mchicha na matembele kabisa, kwa kuwa majani hupunguza nguvu ya warfarini. Si lazima. Ale, ila kiasi kisiwe kikubwa wiki hii na sifuri wiki ijayo. Ninachokiogopa mimi ni duka la dawa. Mama mmoja alitulia miezi mingi, akaumwa tumbo na kiuno, akauziwa metronidazoli na diklofenaki, dawa zinazogongana na warfarini, bila kuulizwa anatumia nini. Alirudi kwangu na choo cheusi kama lami, dalili ya kuvuja damu tumboni. Alipona, ila sasa kadi yake ya warfarini inakaa kwenye pochi pamoja na kitambulisho.

Kuna dawa mpya, apixaban, rivaroxaban na dabigatran, hazihitaji INR. WHO iliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2019. Bei ndiyo kikwazo, na kinga yake inaisha haraka, kwa hiyo kukatisha hata siku chache kwa kukosa hela ni hatari. Kabla ya kuanza lazima apimwe figo.

Na kabla ya kuzifikiria, apigwe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Huku kwetu wengi wana valvu, yaani mlango wa moyo, iliyobana kutokana na ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Hao hawahesabiwi pointi, wanapewa warfarini moja kwa moja. Utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa kama hao, waliopewa rivaroxaban walikufa wengi zaidi kuliko waliopewa dawa za aina ya warfarini.

Kwa hiyo usisubiri miezi mitatu. Mrudishe wiki hii, ombeni eko, kreatinini (kipimo cha figo) na wingi wa damu, na mpeleke na dawa zake zote kwenye mfuko, hata za mitishamba. Presha yake ipimwe mara tatu kikao kimoja, ikiwezekana kwa mashine ya kupampu kwa mkono, maana ikibaki juu hatari ya kiharusi na ya kuvuja damu zote zinapanda. Majibu ya figo yakitoka yaweke hapa, tutazungumza ipi inamfaa kabla hujaenda kununua.