Nani Kaingia, Nani Katoka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye aljebra tuliambiwa "substitute 3 for x", tukaandika 3 pale penye x. Juzi mtangazaji wa mpira kasema namba 9 "has been substituted", na namba 9 ndiye aliyetoka! Kitenzi hiki ni cha anayeingia au anayetoka?
Msomaji anayejifunza kutafsiri

JIBU: Marahaba. Umenigusa kidonda. Nilipoanza kazi hii nilipewa kijitabu cha mashine, ndani yake mna sentensi: "Substitute the long screw for the short one." Nikaandika, kwa kujiamini kabisa, "toa skrubu ndefu, weka fupi." Fundi akanipigia simu: "Mwalimu, hii fupi haishiki, inazunguka tu." Nilikuwa nimeigeuza kichwa chini miguu juu.

Tangu siku hiyo sitazami kitenzi, natazama kineno kinachokifuata. Baada ya "for" huja kinachoondoka. Kwa hiyo 3 inaingia, x inatoka. Skrubu ndefu inaingia, fupi inatoka. "Replace" huenda kinyume: hutaja kwanza kinachoondoka, kisha "with" huleta kinachoingia. "Replace the short screw with the long one" ni agizo lilelile. Siku hizi wengi hutumia "with" hata kwenye "substitute", wakitaja kwanza kinachoondoka. Wahariri wa kale hununa, lakini maana haipotei, maana baada ya "with" ni yule yule anayeingia.

Watu wa mpira ndio waliotuvuruga. Ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji wa akiba msimu wa 1965/66, Kombe la Dunia likafuata 1970. Katika lugha yao "substituted" peke yake ni kutolewa, basi. Mtangazaji wako hakukosea, andika "namba 9 ametolewa." Tatizo ni pale anaposema "9 was substituted for 14". Kwa kanuni ya zamani 9 ndiye aliyeingia. Kwa masikio ya mashabiki wengi, 9 yuko benchi. Sentensi ya namna hiyo usiitafsiri kabla hujajua nani yuko uwanjani.

Nawe usikimbilie "badilisha" kila mara. "Badilisha hii na ile" ina utata uleule, tena inaweza kumaanisha vibadilishane nafasi. Mimi huandika vitenzi viwili, toa na weka, hata kama sentensi inarefuka. Fundi hasomi kwa ajili ya ufasaha wangu.

Halafu, kwa kuwa umeanza kutafsiri: ukikuta "replace the cap after use" kwenye chupa ya dawa, hakuna anayetakiwa kutafuta kifuniko kingine. Wanasema kirudishe.