Mechi ya raga yenye mvua usiikimbie, nilishaona siku nzima ya 4-2 na 7-6

Mkuu umeuliza kama uende mechi ya rugby league wikiendi hii au uuze tiketi, maana utabiri unasema mvua na washkaji wamekwambia itaisha kwa vipointi viwili vitatu utasinzia. Mi nakaa huku Yorkshire, na siku niliyoipenda kuliko zote ni Jumamosi moja ya mvua kwenye uwanja wa klabu ya mtaani tu. Mechi tatu mfululizo, madogo 6-4, timu B 4-2, wakubwa 7-6.

Hii ni raga ya watu 13, sio ile ya 15. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, pointi 4, teke la baada ya trai 2, penalti 2, dropu goli, yaani teke la golini mchezo ukiendelea, 1. Mkiangushwa mara sita mpira unaenda kwa wapinzani, ndo maana wakishaangushwa mara ya tano wengi wanapiga teke. Sasa mvua ikishika mpira unateleza kama sabuni, ukikuponyoka ukaenda mbele umeupoteza, kwa hiyo hakuna anayethubutu kurusha pasi ndefu kwenda pembeni, wanapewa yale majitu ya katikati yanaingia kichwa kichwa, mita mbili, tatu, chini, inuka, tena. Na wanaozuia wakishajua pasi ndefu haipo wanapanda haraka wanakubana. Pointi zinakauka hapo, sio kwamba watu hawachezi!

Ile trai ya 4-2 ilitokana na teke la chini chini, beki kaenda kuudaka akijua utateleza mpaka kwake, mpira ukafika kwenye dimbwi ukasimama palepale, winga akaruka juu yake. Teke la nyongeza mpigaji mguu wa kusimamia ukamteleza, mpira ukapita chini.

Mzee mmoja wa Wakefield pembeni yangu akanikumbushia Don Fox. Wembley 1968, fainali ya Challenge Cup, kombe la mtoano la rugby league, uwanja umejaa maji, Leeds wanaongoza 11-7. Dakika ya mwisho kabisa Wakefield Trinity wakapata trai, enzi hizo pointi 3, ikawa 11-10, Fox kabaki na teke mbele ya goli kabisa, likiingia kombe lao. Akakosa. Na ndo alikuwa ameshachaguliwa mchezaji bora wa fainali! Yule mzee bado inamuuma, na kwa nilichotoka kukiona dakika chache nyuma nilimwelewa sana.

Ya wakubwa ikafika 6-6 jioni, taa zimewashwa. Dropu goli lazima mpira uguse chini kwanza ndo uupige, sasa kwenye matope haudundi. Namba 7 wa timu moja akawa anawapeleka wenzake kushoto makusudi, kila wakiangushwa wanasogea kidogo kushoto, mpaka wakafika kwenye majani yaliyobaki pembeni, akapewa mpira, akapiga. 7-6. Akili ya namna ile kwenye mechi ya 40-12 huioni.

Tiketi usiuze mkuu. Super League, ligi kuu ya rugby league huku, tangu 1996 inachezwa zaidi miezi ya joto, kwa hiyo mechi ya matope imekuwa adimu. Vaa koti la mvua, mwavuli utawaziba wa nyuma, na ukipata nafasi nyuma ya goli kaa hapo, mateke ya chini ya wanaoshambulia goli hilo yanakuja upande wako.