Jibu: Mdudu wa kwenye mlimau na yule wa kwenye taa

Ndugu yangu wa Nyegezi, umeuliza kama yule mweusi mwenye madoa ya njano anayezunguka mlimau wako mchana ndiye huyohuyo wa kijivu anayejigonga kwenye taa ya baraza usiku. Hapana, ni wawili tofauti. Wa mchana ni kipepeo, Papilio demodocus. Wa usiku, kwa hiyo mistari ya waridi uliyoiona tumboni, ni nondo, Agrius convolvuli.

Tazama vipapasio: vya kipepeo vina kirungu nchani, vya nondo vinachongoka.

Lakini uhondo wenyewe uko kwa viwavi. Kiwavi mchanga wa kipepeo, akiwa juu ya jani la mlimau, utadhani ni kinyesi cha ndege. Akikua anakuwa wa kijani, na ukimgusa anachomoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Mjaribu taratibu, utashangaa! Wa nondo anakula matembele, ana pembe moja mkiani, kisha anajizika udongoni. Juzi nikivuna viazi huku Ilemela nilifukua pupa wake, yaani kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa nondo, wa kahawia, mrija wa kunyonyea umejikunja kama mkono wa birika. Nikamfukia tena.

Dawa usipulize, mlimau mkubwa unawahimili.