Kebo, faiba au antena? Kwanza jua mtandao wako unakatikia wapi

SWALI: Nyumba yetu iko Kibokoni, ya zamani, ghorofa tatu. Ruta iko chini karibu na mlango, nami nafundisha kwa video kutoka chumba cha juu kabisa, wanafunzi wako ng'ambo. Ikifika saa mbili usiku sauti inakatika-katika, picha inaganda, halafu inarudi yenyewe. Nilianza na kebo ile inayokuja pamoja na televisheni, nikahamia antena ya juu ya paa, sasa nimerudi kwenye kebo. Ajenti wa faiba anataka nisaini wiki hii. Kijana mwingine asema shida ni kifurushi: nipande kutoka megabiti 10 hadi 40 na ninunue busta yake. Nichague ipi? – Mama Wawili, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Faiba, mama, madhali imefika mtaani kwenu. Ningeweza kuishia hapo, lakini najua yatakayofuata. Utasaini, mafundi watakuja, watafunga kiboksi chao pale pale mlangoni chini, na ikifika saa mbili usiku utakuwa chumba cha juu na picha imeganda vile vile. Kisha utaniandikia kwamba faiba nayo ni uongo. Barua za namna hiyo napata kila mara. Wanaoziandika wameshahama kampuni mbili tatu, na kila walikohamia shida imewafuata.

Umeeleza yote isipokuwa moja: mtandao unakatikia wapi. Kutoka kwenye kompyuta yako hadi kwenye ruta ni safari moja, na hiyo ni yako. Kutoka kwenye ruta hadi kwa kampuni ni safari nyingine, hiyo ndiyo unayoilipia kila mwezi. Yoyote kati ya hizo ikiharibika, skrini yakuonyesha kitu kimoja tu, picha iliyoganda, na watu wote hukimbilia kulaumu kampuni.

Basi kesho usiku, saa ile ile ya balaa, shuka na kompyuta yako. Ichomeke kwenye ruta kwa waya wa LAN, uzime waifai, ufungue madirisha mawili ya amri (Command Prompt au Terminal). La kwanza andika ping, amri inayopima jibu lachukua muda gani kurudi, na anwani ya ruta yako. Imo kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. La pili andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya Google, iliyo nje kwenye intaneti. Kama unatumia Windows, ongeza -t mwishoni zisisimame. Ziache ziende nusu saa, kisha panda juu urudie yote kwa waifai. Ruta ikijibu kwa waya itajibu ndani ya milisekunde moja au mbili, bila kukosa. Ukiwa juu, jibu la ruta hiyo hiyo likirukaruka kutoka 5 hadi 300, au likakosekana kabisa, hapo hakuna kampuni ya kulaumu. Ni ukuta wako. Lakini kama chini, kwa waya, ruta yajibu vizuri huku 8.8.8.8 inapotea, basi tatizo liko nje na kuhama kuna maana.

Mimi nashuku utakuta yote mawili. Nyumba za Mji wa Kale, kama hizo zenu za Kibokoni, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nyingine zakaribia nusu mita. Mawimbi ya gigahezi 5 yakipiga ukuta wa namna hiyo, yanayotokea upande wa pili ni machache mno. Ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, lakini hayo ndiyo yanayogombaniwa na mtaa mzima: chaneli zake zisizopandana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na nyumba zenu zimeshikana bega kwa bega. Watu wakisharudi, wakala, wakawasha simu na televisheni zao, kila ruta inapiga kelele juu ya mwenzake. Ndiyo maana saa mbili. Na saa hiyo hiyo, kebo yako nayo inagawanywa kwa majirani wote walio kwenye tawi lenu. Ukiangalia saa pekee huwezi kutenganisha makosa haya mawili. Ping yatenganisha.

Sasa huyo kijana wa megabiti 40. Hapa uvumilivu huniishia. Simu moja ya video yenye picha safi haili zaidi ya megabiti 3 au 4. Megabiti 10 zakutosha, na utabakiwa na za watoto. Mtandao unaokatika haukosi upana, unakosa utulivu, na utulivu hauongezwi kwa kupanda kifurushi. Ni kununua tangi kubwa la maji huku bomba la chumbani limeziba. Tena zile programu za kupima kasi ndizo zinazowapa hawa vijana mdomo: unapima kwa sekunde chache, inaonyesha 10, unaambiwa "si unaona ni ndogo?" Hakuna anayekuonyesha namba ya kupandisha, ile ya data inayotoka kwako. Wewe mwalimu, sauti yako na picha yako ndizo zinazosafiri. Kwenye kebo, kasi ya kupandisha kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya ile ya kushusha. Hiyo ndiyo namba ya kumuuliza ajenti, na umwambie akuandikie.

Na busta! Kile kidude cha kuchomeka ukutani husikia waifai na kuirudia. Hakina intaneti yake. Ukikiweka mahali ambapo waifai haifiki, hakina cha kurudia. Ukikiweka katikati, vingi vyao hupokea na kutuma kwa mawimbi yale yale, kwa hivyo kasi hukatwa karibu nusu, na kwenye mtaa wenye kelele chazidisha kelele. Simu yako itaonyesha mistari yote imejaa, nawe utaona pesa yako imefanya kazi, mpaka darasa lianze.

Dawa yenyewe haina mvuto wowote: waya. Vuta waya wa LAN wa aina ya Cat6 kutoka kwenye ruta, upande pamoja na ngazi, ufike chumba cha juu. Una mita 100 za kuchezea na nyumba yako haifiki hata robo yake. Huko juu funga kituo cha pili cha waifai kwa ajili ya simu za watoto, na kompyuta ya kufundishia ichomeke moja kwa moja. Kabla hujalipia waya, chukua kipande, chuna uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa na wekundu wa shaba mpaka ndani, sawa. Ikiwa rangi ya shaba ni ngozi tu na ndani mna weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa, mrudishie. Waya huo hukatika ukikunjwa, na kwa hewa yetu ya chumvi hauchukui muda mrefu kuharibika vichwani.

Tuje kwenye chaguo lako. Kebo ya shaba ina udhaifu mmoja ambao wateja wengi hawauoni: njiani kuna vikuza mawimbi vinavyokula stima. Stima ikipotea mtaa wa pili, wewe taa zako zawaka na mtandao huna. Ya pili ni chumvi. Fungua kile kichwa cha kuzungusha nyuma ya kiboksi chako. Ukikuta unga wa kijani kwenye kile kisindano cha kati, umeshapata sehemu ya ugonjwa wako, na kichwa kipya ni kazi ya dakika chache.

Antena ya paani, ya hawa watoa huduma wadogo, yaweza kuwa nzuri sana kama waona mnara wao bila kizuizi. Mnazi mmoja ukikua katikati, au kusi ikiisukuma antena kidogo, mambo yameharibika. Ruta ya laini ya simu hutegemea umati ulio kwenye mnara wenu, na jioni ndio wakati wa umati. Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, ni mkombozi wa mtu aliye shambani mbali na kila waya. Satelaiti zake ziko kilomita 550 hivi juu, kwa hivyo haina ule ucheleweshaji wa satelaiti za zamani. Lakini yataka mbingu wazi, mvua kubwa ya masika huitikisa, na hula stima mara kadhaa kuliko ruta. Kwa mtu wa Kibokoni mwenye faiba mlangoni, sioni sababu.

Faiba ni kioo. Chumvi haikili, na kutoka kwa kampuni hadi kwako kwa kawaida hakuna kifaa cha njiani kinachotaka stima. Nunua betri ndogo ya ruta ya volti 12, na stima ikikatika mtaa mzima utaendelea kufundisha gizani. Nayo hugawanywa, usidanganywe. Mfumo uliozoeleka una gigabiti 2.5 hivi za kushusha kwa nyumba 32 au 64. Ila nafasi hiyo ni pana na ni vigumu kuijaza.

Huharibiwa na watu. Faiba inakunjwa kona kali nyuma ya kabati, inapigiwa misumari, au jirani anaigeuza kamba ya kuanikia nguo uchochoroni. Fundi akimaliza, mwambie akuonyeshe kipimo cha mwanga kwenye mita yake. Hasi 20 hivi ni vizuri. Ikikaribia hasi 27 uko ukingoni, na siku ya kwanza tu ya vumbi au mkunjo taa ya LOS kwenye kiboksi, ile ya kuonya kwamba mwanga haufiki, itawaka nyekundu. Akisema hana mita, huyo si fundi wa faiba. Nimekuta faiba iliyokatwa ikaunganishwa kwa kusokotwa kama waya wa taa, kisha ikafungwa tepu nyeusi. Kiini chake ni mikroni 9, chembamba kuliko unywele, na huunganishwa kwa mashine ya kuyeyusha. Aliyeisokota alilipwa, na aliyemlipa akakaa wiki nzima akilaumu kebo za baharini.

Kisingizio hicho nacho kimezidi. Ni kweli kebo za baharini hukatika. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na Afrika Mashariki yote ikahisi. Siku kama hiyo utasikia kwenye redio. Mtandao wako ukilala kila usiku saa mbili na kuamka saa nne, bahari haihusiki. Wala kukaa Mombasa, zinakopanda TEAMS na SEACOM tangu 2009, hakukupi kasi ya ziada. Mwanga ndani ya kioo huenda Nairobi na kurudi kwa milisekunde 5 hivi.

Wengine wanaosoma hapa hawana swali la kebo wala faiba. Wananunua "waifai ya mtaa" kwa mtu aliyechukua laini moja ya nyumbani akaivuta kwa nyumba ishirini. Mtoa huduma anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mkataba wa laini ya nyumbani kwa kawaida haukuruhusu kuiuza. Ikikatika huna risiti, huna nambari ya malalamiko, na yule jamaa ndiye mwenye neno la siri la ruta inayopitisha mambo yako yote. Ni hivyo hivyo kwa kila fundi wa mkononi uliyemruhusu "kusafisha laini" au kuweka programu ya kuongeza kasi. Hakuna programu ya simu inayoongeza kasi ya laini yako. Ingia kwenye ruta leo, badilisha neno la siri la usimamizi lililokuja nalo, kisha la waifai, na usimpe mtu la kwanza hata akiwa mwana wa jirani.