Ukitoa kifaa cha masikio usiku, nani atakuamsha moto ukishika?

Huku Manyatta, Kisumu, kengele ya moto ni watu. Moto ukishika mtu anapiga nduru, "Mach! Moto!", mwingine anagonga mabati, na ploti yote inatoka nje. Sasa sisi viziwi, ama wale kama mimi tunasikia kidogo na kifaa halafu tukilala tunakitoa, hiyo nduru yote inatupita. Kwa hivyo mambo ya nani atakuamsha lazima upange mapema, na upange na mtu mmoja unayemjua, usiseme tu "majirani wapo". Usiku wa moto kila mtu anahesabu watoto wake kwanza.

Mimi nimekubaliana na mama wa mlango wa pili, ako na funguo yangu ya spea. Lakini hapa ndio wengi hukwama: hiyo spea haina kazi kama usiku unafunga komeo ama kufuli kwa ndani, na hata ukiacha funguo yako ndani ya kitasa, ya kwake inaweza kukataa kuingia. Mimi nafunga kwa funguo peke yake, naitoa, naitundika kwa msumari karibu na mlango mahali mkono unafika hata gizani. Akiingia ananitikisa mguu na kunimulika na tochi. Kama hakuna mtu unaweza kumwachia funguo, weka kitanda karibu na dirisha ili mtu apitishe fimbo kwa grili akudunge nayo. Na wazazi, nawaomba sana, msimfungie mtoto kiziwi ndani na kufuli ya nje hata kama mnaenda dukani tu, juu hatasikia mkimwita na hataweza kutoka.

Kengele ya moshi pia ni nzuri lakini chunguza kabla ununue. Nyingi hulia kwa sauti nyembamba, kama hertz 3,000 hivi, na sauti nyembamba ndizo wengi wetu hupoteza kwanza. Kule Marekani kuna kengele za chumba cha kulala za sauti nzito ya hertz 520, na zingine zinaunganishwa na kifaa cha kutetema kinachowekwa chini ya godoro ama mto. Ukiwa na ndugu anakuja kutoka ng'ambo muulizie hiyo ya kutetema, juu kengele ya taa inayomulika-mulika, bila mtetemo, haiamshi watu wengi waliolala fofofo. Simu nyingi za kisasa zinaweza kutambua mlio wa kengele ya moshi zikatetema, lakini hiyo ni ya kusaidia tu, usiitegemee peke yake. Na usilale na simu ikiwa kwa chaja chini ya mto! Hiyo yenyewe ni moto. Chaji jioni, ukienda kulala toa chaja.

Gesi sasa. Anayesikia atasikia regulata ikifanya "sss", sisi hapana, na pua nayo huzoea harufu. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwa regulata na paipu, ukiona mapovu yanafura, gesi inatoka. Funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi ya stima wala kiberiti, na kumbuka gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa kwa hivyo inatambaa chini sakafuni. Sufuria ikifurika ikazima moto pia hutasikia, so usitoke jikoni ukiwa umeacha kitu kwa jiko.

Tochi ni kitu nalala nayo karibu. Stima ikipotea hakuna mtu ataona mikono yako ukiongea kwa ishara, na zimamoto wakija wamevaa maski huwezi kuwasoma midomo, kwa hivyo mulika mikono yako, ama uwe na kikaratasi kimeandikwa MIMI NI KIZIWI.

Kupiga 999 ama 112 inataka sauti. Andika meseji saa hii, uiweke kwa simu: mtaa, jina la ploti, kanisa ama duka iliyo karibu, na kwamba wewe ni kiziwi, halafu patana na watu wawili watakaopiga kwa niaba yako wakiipata. Wawili, juu mmoja anaweza kuwa amelala.