Madoa meusi yanayorudi kwenye mbao ya mkongo

SWALI: Mimi ni seremala mjini Tanga. Nimemtengenezea mteja meza ya mkongo, nikaipiga msasa, kisha nikailowesha kidogo na kuisugua kwa stilwaya ili iwe laini. Kesho yake nikaona madoa meusi yenye rangi ya kibuluu. Nimerudia msasa mara tatu na yanafifia, lakini nikipaka vanishi yanajitokeza tena. Kwenye viungio pia kuna mabaka yaliyopauka. Nifanyeje kabla sijaiharibu meza?

JIBU: Ndugu seremala, weka msasa chini kwanza, kwa sababu doa hilo si uchafu uliokaa juu ya mbao. Mkongo, ambao wengine pwani huuita mbambakofi, una tanini, yaani kile kinachoukausha ulimi unapokunywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa rangi nyeusi ya kibuluu, na kwa njia hiyohiyo watu wa kale walitengeneza wino wa kuandikia. Stilwaya yako ilikatikakatika, vipande vidogo visivyoonekana vikazama kwenye vinyweleo vya mbao, na maji yakamaliza kazi. Msasa unaondoa weusi wa juu tu. Chuma kilichobaki ndani kinasubiri unyevu mwingine, na vanishi nayo hukoleza kila kilicho chini yake.

Kabla ya kununua dawa, kwangua vanishi yote hadi mbao iwe wazi, kisha dondoshea doa moja maji ya limau na usubiri dakika kumi. Weusi ukififia, tatizo ni chuma. Usipobadilika kabisa, huenda ni kuvu iliyoingia mbao zilipokuwa mbichi, na tiba yake ni nyingine.

Kwa doa la chuma, dawa ninayoiamini ni asidi oksaliki, unga mweupe unaouzwa katika maduka ya kemikali. Mimina gramu 60 hadi 80 katika lita 1 ya maji ya moto, ndani ya chombo cha plastiki au kioo, kamwe si sufuria. Vaa glavu na miwani, na usiwaruhusu watoto kukaribia, kwa kuwa ni sumu ikimezwa. Paka kwa brashi isiyo na kishikio cha chuma, na upake uso wote wa meza, kwani asidi hii huing'arisha mbao kidogo na ukigusa doa peke yake utabaki na duara jeupe mahali palipokuwa na doa jeusi. Baada ya dakika kama ishirini, osha kwa maji safi mara mbili au tatu, ukibadilisha kitambaa. Doa sugu huhitaji kurudiwa. Usijaribu kuizima asidi kwa magadi, maana magadi huzidi kuufanya mkongo mweusi, na usichanganye kabisa asidi na jiki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoweza kukuua ukiwa ndani ya karakana iliyofungwa.

Acha meza ikauke siku mbili kivulini, na kwa unyevu wa Tanga wakati wa masika hata siku nne si nyingi. Kisha pitisha msasa namba 220 kwa wepesi, ukifuata nyuzi za mbao, ukiwa umejifunga barakoa, kwani vumbi lenye mabaki ya asidi huwasha pua na koo. Stilwaya usiirudishe kwenye mkongo. Kama unahitaji misumari au skrubu zitakazoonekana, tumia shaba, ambayo haizai weusi huu.

Mabaka ya viungioni ni gundi nyeupe iliyobanwa ikatoka nje na kuziba vinyweleo. Ikwangue kwa patasi kali, kwa sababu msasa huisukuma ndani zaidi. Ukimaliza, pangusa meza nzima kwa spiriti na uitazame ukiwa umeinama mbele ya dirisha: sehemu yoyote yenye gundi itabaki imepauka huku nyingine zikikolea, na utaiona kabla hujafungua kopo la vanishi.