Pakeji zimejirudia kwenye seva? Usikimbilie kufuta

Kama unashughulika na seva za CentOS (aina ya Linux), hii kitu ya pakeji, yani programu zilizofungashwa, kujirudia siku moja itakukuta. Mimi ilinikuta usiku, naapdeti seva kupitia SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), mtandao ukakata katikati, niliporudi kuingia nikaona huduma zote zinapanda nikaenda zangu kulala. Baada ya siku kadhaa napiga yum update (yum ndo chombo cha kuweka na kuapdeti pakeji) ikagoma, ikanimwagia mistari kibao, glibc mbili, openssl mbili, karibu kila pakeji ina pacha wake.

Chanzo ni hiki, apdeti ikianza RPM, mfumo wa chini ambao yum inautumia kuweka pakeji, inaingiza kwanza matoleo mapya ndo inageuka kusafisha ya zamani, sasa ikikatwa hapo kati mpya imeshaandikwa kwenye daftari lake na ya zamani haijafutwa.

Nilichokosea nilipiga yum remove na jina tupu la pakeji. Ikaleta orodha ya kila kinachoitegemea, yani karibu mfumo mzima, nashukuru niliisoma kabla sijabonyeza y. Tafadhali sana isome hiyo orodha, hata ukiwa umechoka vipi.

Iliyonitoa ni hii: nakili folda ya /var/lib/rpm (ndo lile daftari la RPM) pembeni kwanza, halafu weka yum-utils (ndo yenye package-cleanup), piga package-cleanup --dupes uone mapacha, ukiridhika piga package-cleanup --cleandupes, inatoa la zamani inaacha jipya. Baada ya hapo fanya yum reinstall kwa zile zilizokuwa na pacha, maana inawezekana faili zake ziliandikwa nusu, kisha rpm -Va ikuonyeshe kilichobaki na kasoro (faili za konfigi ulizobadilisha mwenyewe zitatokea pia, hizo ziache). Kwenye mashine za dnf (mrithi wa yum) ni rahisi zaidi, dnf remove --duplicates inatoa za zamani na kuziweka upya zile mpya kwa mkupuo mmoja.

Ila kerneli (kiini cha mfumo) usiziguse, kukaa kadhaa ni makusudi, dnf kwa kawaida inaacha 3 ili mpya ikigoma kuwaka urudi kwenye ya nyuma. Na ukiona jina moja lina i686 (ya biti 32) na x86_64 (ya biti 64) hao sio mapacha.

Siku hizi siapdeti seva yoyote bila kufungua tmux kwanza, SSH ikikata kazi inaendelea kule kule, nikirudi napiga tmux attach naikuta ilipofika.